CC ndogo kwenye pikapu: mafuta yanaokolewa wapi, yanarudi wapi

Injini haili mafuta kwa sababu ni kubwa. Inakula kwa sababu ina kazi ya kufanya, na kwa sababu sehemu ya nguvu inaishia humo humo ndani kabla haijafika kwenye tairi. Ukubwa wa injini unagusa hiyo sehemu ya pili tu. Kazi yenyewe, yaani kupasua upepo, kuzungusha tairi na kupandisha mzigo mlimani, haijui kama boneti limefunika CC 1,900 au CC 3,000, yaani injini ya lita 1.9 au ya lita 3.

Tuanze na kazi. Chukua dabo kebini ya dizeli yenye kilo 2,200 ikiwa tupu, dereva ndani. Pikapu ina kifua kipana, iko juu, na mgongo wake umekatika ghafla nyuma ya kebini, kwa hiyo upepo unaigomea kuliko unavyoigomea saluni. Kwa umbo la kawaida la pikapu za ukubwa wa kati, ikitembea 80 km/h kwenye lami tambarare inahitaji takriban kilowati 14 tu. Kwa 100 km/h inahitaji kama 24. Kwa 120 km/h zinafika 37. Mwendo umeongezeka kwa nusu, nguvu inayotakiwa imezidi mara mbili na nusu. Sasa dizeli ya lita 3 yenye farasi 177 ina uwezo wa kilowati 130. Kwenye 80 km/h inatumia kama sehemu moja ya tisa ya uwezo huo, basi.

Hapo ndipo injini ndogo inapopata hoja yake. Pete za pistoni zinakwaruza silinda, beringi za krenki zinazunguka kwenye oili, pampu ya oili na ya maji zinavutwa, springi za valvu zinabanwa na kuachiwa. Msuguano wote huo haupungui sana eti kwa kuwa umelegeza mguu. Unafuata zaidi ukubwa wa injini na kasi inayozunguka. Dizeli ya lita 3 kwenye RPM 2,000, yaani mizunguko 2,000 kwa dakika, inapoteza humo ndani karibu kilowati 6 na nusu. Ya lita 1.9 kwenye RPM hizo hizo inapoteza kama 4. Tofauti hiyo ukiigeuza kuwa mafuta ni takriban nusu lita kwa saa. Ukiwa 80 km/h, nusu lita kwa saa ni kama lita 0.65 kwa kila kilomita 100. Mjini, ambako gari linatumia saa nzima kukata kilomita 25 na RPM ziko chini, hata theluthi ya lita kwa saa inakuwa zaidi ya lita moja kwa kilomita 100. Kwa hiyo ndiyo, injini ndogo inaokoa, na inaokoa zaidi pale gari linapokwenda taratibu, tupu, kwenye foleni.

Lakini ona sharti lililojificha: RPM hizo hizo. Kuna hesabu ya haraka inayosaidia hapa. Zidisha lita za injini kwa RPM unazotembelea. Jibu linakupa picha ya msuguano, si kwa usahihi wa maabara, ila linatosha kulinganisha injini mbili za dizeli za kizazi kimoja. Lita 3 kwenye RPM 1,600 ni 4,800. Lita 1.9 kwenye RPM 2,000 ni 3,800. Bado ndogo inaongoza. Lita 1.9 kwenye RPM 2,500 ni 4,750, na faida yote imeisha. Anayeendesha pikapu ya 1.9 huku mshale wa RPM ukicheza kwenye 2,700 safari nzima anaendesha injini kubwa bila kuwa na nguvu ya injini kubwa.

Petroli na dizeli si hadithi moja

Watu wanachanganya mambo haya mawili, na mabishano mengi yanaanzia hapo. Injini ya petroli ya kawaida, isiyo na turbo, inapunguza nguvu kwa kufunga kipepeo cha hewa. Ukiwa umegusa mafuta kidogo tu, kipepeo karibu kimefungwa, na kila pistoni ikishuka inanyonya hewa kupitia tundu dogo, kama mtu anayevuta hewa kupitia mrija. Kuvuta huko ni kazi, na kazi inalipwa kwa petroli. V6, yaani injini ya silinda sita, ya lita 4 inayosukuma pikapu tupu kwa 60 km/h imekabwa muda wote. Ukiweka injini ya lita 2.7 mahali pake, kipepeo kinafunguka zaidi kwa kazi ile ile na pampu ya hewa inaumia kidogo. Kwa petroli, basi, kupunguza CC kunaokoa mara mbili: msuguano na kukabwa.

Dizeli haikabwi hivyo. Hewa inaingia kwa uhuru karibu wakati wote, na nguvu inaamuliwa na kiasi cha dizeli kinachopulizwa na nozeli. Kwa hiyo sababu ya pili haipo kwa kiasi cha kujali. Anayehama kutoka dizeli ya 3.0 kwenda 2.4 asitegemee kuona kile anachokiona mtu aliyehama kutoka petroli ya lita 4 kwenda lita 2.7. Hilux ya mwaka 2015 ilipoacha injini za 2.5 na 3.0 na kuingia na 2.4 na 2.8, lita zilizopungua zilikuwa 0.1 na 0.2. Unafuu wowote wa mafuta uliopatikana hapo hauwezi kuwa wa CC. Ni wa nozeli bora, turbo bora, msuguano mdogo na gia sita. Hata hivyo watu waliendelea kuhesabu CC.

Kisha ipo petroli ndogo yenye turbo, na hii ndiyo inayoleta malalamiko mengi kuliko zote. Ikiwa haina kazi kubwa, turbo imetulia na injini inakula kama injini ndogo. Ukikanyaga, turbo inashindilia hewa na ndani ya ile injini ndogo kunachomeka mafuta ya injini kubwa. Hapo bado hakuna ubaya. Ubaya unakuja na joto. Kwa kawaida petroli inachomwa kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito. Mzigo ukiwa mzito na wa muda mrefu, moshi unaotoka unaweza kuwa wa moto kupita kiasi kinachovumiliwa na turbo na kataliti inayosafisha moshi kwenye ekzosi, na kompyuta ya injini inaongeza petroli ili ipooze, uwiano ukishuka hadi 12 kwa 1 au chini ya hapo. Hewa ni ile ile, petroli imezidi kwa asilimia 22, na hiyo ziada haisukumi gari; inapoza vyuma tu na kutokea nyuma. Tena, ili petroli isilipuke kabla ya wakati kwenye mgandamizo wa turbo, injini hizi huchelewesha cheche zikiwa na mzigo, na cheche iliyochelewa inapunguza nguvu inayopatikana kwa kila tone. Ukiijaza petroli ya okteni ya chini kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi, inachelewesha zaidi. Haizimi, haiwashi taa, inakula tu.

Mfano ulio wazi ni Ford F-150 ya mwaka 2011, iliyouzwa na V8 ya lita 5.0 isiyo na turbo na V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, zote za magurudumu mawili ya kuvuta, V8 ilipata maili 17 kwa galoni kwa mjini na barabara kuu pamoja, V6 ikapata 18. Kwa lugha ya lita ni 13.8 dhidi ya 13.1 kwa kilomita 100. Lita za injini zimepungua kwa asilimia 30, mafuta yamepungua kwa asilimia 5 hadi 6. Na hayo ni matokeo ya gari lisilovuta kitu. Faida kubwa ya ile V6 ilikuwa torki ya futi-pauni 420 dhidi ya 380 za V8, yaani nguvu ya kuvuta. Aliyeinunua kwa ajili ya kuvuta tela alipata alichokitaka. Aliyeinunua kwa ajili ya mafuta, kisha akaitumia kuvuta tela, alijichanganya.

Kipimo chenyewe nacho kina mchango wake. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilichukua dakika 20 hivi, wastani wa mwendo ukiwa kama 34 km/h, na gari liliongezwa mwendo pole pole kama linalobeba mayai. Hiyo ndiyo bustani ya injini ndogo: mzigo mwepesi, turbo imelala. WLTP, kipimo kilichochukua nafasi yake, kilichoanza kwa aina mpya za magari Septemba 2017, inakwenda dakika 30, wastani wa 46.5 km/h na inafika 131 km/h. Namba za injini ndogo zilipanda ghafla na kukaribia ukweli. Katika kipindi hicho hicho Volkswagen Amarok, iliyokuwa ikitegemea dizeli ya lita 2.0 yenye turbo mbili, ilihamia V6 ya lita 3.0 mwaka 2016. Ukiona kijitabu cha gari la zamani kimeandikwa lita 7 na kidogo, tazama kwanza limepimwa kwa kipimo kipi.

Mzigo na mlima

Weka tani moja kwenye bodi la nyuma. Gari sasa ni kilo 3,200. Kwenye tambarare kwa 80 km/h, tani hiyo inaongeza kilowati mbili na nusu tu. Ndiyo maana mzigo kwenye barabara iliyonyooka hauumizi sana mafuta. Mlima ndio unaotoa siri. Kupandisha kilo 3,200 kwa mita 100 za kwenda juu kunataka karibu robo lita ya dizeli, iwe injini ya 1.9 au ya 3.0. Hiyo ni gharama ya uzito na hakuna fundi anayeweza kuipunguza.

Tazama kinachotokea kwenye mlima wa asilimia 6 kwa 80 km/h. Zinatakiwa takriban kilowati 63. Kwenye RPM 2,000 hiyo ni torki ya Nm (newtoni-mita) 300. Isuzu D-Max ya 1.9 ina Nm 350 kati ya RPM 1,800 na 2,600, kwa hiyo inaweza, ila iko karibu na mwisho wa nguvu zake na dereva hana akiba. Ya 3.0 ya sasa ina Nm 450 kuanzia RPM 1,600. Kazi hiyo hiyo inaifanya kwenye RPM 1,600 hadi 1,700 bila kubadili gia. Dizeli iliyobebeshwa mzigo mzito iko mahali pake pazuri kabisa, gramu 210 hivi za dizeli kwa kila kilowati-saa, na zote mbili zinakula karibu sawa: kama lita 16 kwa saa, sawa na lita 20 kwa kilomita 100 kwa muda huo wa kupanda.

Tofauti inaletwa na mguu. Mwenye 1.9 akitaka kulipita lori mlimani, anashusha gia na kwenda RPM 3,000, ambako torki imeshaanza kuporomoka. 1.9 mara 3,000 ni 5,700. Mwenye 3.0 anafanya vivyo hivyo kwenye 1,800 hadi 2,000, yaani 5,400 hadi 6,000. Wako sawa kwenye msuguano, ila mmoja injini inalia na joto linapanda, mwingine anasikia redio.

Petroli ndogo isiyo na turbo mlimani ni adhabu. Injini ya lita 2.0 yenye Nm 180 inahitaji zaidi ya RPM 3,300 kwa kazi ile ile, tena ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Pikapu za aina hiyo zina mahali pake, kwenye kazi za mjini na mizigo miepesi. Kuzipeleka milimani na tani moja ni kununua mafuta na gasketi ya silinda hedi kwa mpigo.

Kabla ya kulaumu CC, hesabu difu

Kiwanda kikiweka injini ndogo kwenye bodi lile lile, mara nyingi kinafidia kwa difu fupi, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazoifanya injini izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, ili gari liweze kuondoka na mzigo. Hapo akiba ya CC inarudishwa kimya kimya. Tairi la 265/65R17 lina mzunguko wa kama mita 2.44, kwa 100 km/h linazunguka mara 683 kwa dakika. Zidisha kwa difu, kisha kwa uwiano wa gia ya mwisho. Difu ya 3.9 na gia ya 0.72 inatoa RPM 1,900 hivi. Difu ya 4.56 kwa gia hiyo hiyo inatoa zaidi ya 2,200. Huo ni msuguano wa asilimia 17 zaidi kila dakika ya safari, na haujaandikwa popote kwenye mlango wa nyuma.

Kujua difu ya pikapu iliyotumika hakuhitaji mashine. Egesha mahali tambarare, weka vigingi mbele na nyuma ya tairi za mbele, ondoa fobaili, gia iwe nyutro, legeza breki ya mkono. Inua tairi moja tu la nyuma kwa jeki na uweke stendi chini ya ekseli. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Zungusha tairi hilo mizunguko miwili kamili, mwenzako akihesabu mizunguko ya shafti. Ikizunguka mara tatu na sehemu tisa ya kumi, difu ni 3.9. Mizunguko miwili ni kwa sababu tairi la upande wa pili limesimama, na difu ya kawaida inagawa. Kama difu ni ya kujifunga na tairi linagoma kuzunguka, inua yote mawili na uyazungushe pamoja mzunguko mmoja.

Idadi ya gia nayo inaamua mengi. Ford Ranger ilipotoka kwenye silinda tano za lita 3.2 kwenda 2.0 yenye turbo mbili, torki ilipanda kutoka Nm 470 hadi 500, lakini kilele cha hizo 500 kiko kati ya RPM 1,750 na 2,000 tu. Sehemu nyembamba namna hiyo inahitaji gia za karibu karibu ili injini isitoke humo, na ndiyo maana ilikuja na otomatiki ya gia 10. Injini kama hiyo ukiifunga kwenye giaboksi ya gia tano usingeipenda.

Tairi ndilo kosa linalosahaulika. Mtu ananunua pikapu ya injini ndogo, anavua 265/65R17 na kuvisha 285/70R17 kwa sababu zinapendeza. Kipenyo kimepanda kutoka kama milimita 776 hadi 831, asilimia 7. Odometa haijui. Akitembea kilomita 107 za kweli, inaandika 100, na hesabu ya mafuta inaonekana mbaya kwa asilimia 7 hata kama gari halijaongeza tone. Halafu akisoma 100 kwenye dashibodi anakwenda 107, na upepo unamsukuma nyuma kwa nguvu ya asilimia 14 zaidi. Juu ya hayo tairi ni zito, la matope, na gia ya mwisho sasa ni ndefu mno kwa torki aliyonayo, kwa hiyo otomatiki inakataa kuikamata au inaikamata na kuiachia kila kilima. Injini kubwa ingevumilia matairi hayo. Ndogo inaumbuka. Athari ya upepo uliojazwa ndani ya tairi ni ndogo zaidi kwa kulinganisha: kila psi moja ikipungua kwenye tairi zote nne ni kama asilimia 0.2 ya mafuta, kwa hiyo psi 10 pungufu ni asilimia 2.

Injini ndogo ikianza kubugia

Injini kubwa isiyo na turbo inaweza kuwa na hitilafu ndogo na ikajificha kwenye ukubwa wake. Ndogo yenye turbo haifichi, kwa sababu inategemea turbo kwa kila kitu.

Kinachoongoza ni mpira wa hewa kati ya turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo), au kati ya intakula na injini. Unapasuka kwa chini, mahali pasipoonekana, au kibano kinalegea. Hewa iliyokwisha kupimwa inavuja, dizeli inayopulizwa haipati hewa ya kutosha, unaona moshi mweusi ukikanyaga, gari zito, na mlio wa kuzomea kama wa mluzi uliotoboka. Pitisha mkono chini ya kila mpira: oili nyembamba kidogo ndani ni kawaida, lakini utando wa oili uliochanganyika na vumbi nje, kwenye mstari mmoja, ndio unaoonyesha tundu. Kwa uhakika, ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu, jaza hewa kwa presha ya nusu bar hadi bar moja, kisha pakaza maji ya sabuni. Usizidishe hapo, unaweza kusukuma sili za turbo zilizokuwa nzima.

Cha pili ni majani ya turbo, vile vipande vinavyoelekeza moshi ndani yake, kukwama kwa masizi, hasa kwa gari linalounguruma likiwa limesimama saa nyingi. Dizeli ya lita 3 ikiunguruma bure inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Ndogo inakula pungufu, na huo ni ushindi wake halali, ila masizi yanajilimbikiza kwenye zote mbili.

Cha tatu ni chujio la masizi kwenye ekzosi. Kila baada ya kilomita mia kadhaa kompyuta inachoma masizi hayo kwa kuongeza dizeli mpaka joto lifike kama nyuzi 600, kwa dakika 10 hadi 20. Safari za kilomita tatu tatu zinakatisha zoezi, na linaanza upya safari inayofuata. Dizeli isiyochomwa inateremka kwenye oili. Dalili unaiona kwenye kijiti cha oili: kiwango kinapanda badala ya kushuka. Ukiona hivyo badilisha oili mara moja, kwa sababu imekuwa nyepesi na beringi za turbo ndizo za kwanza kuumia. Kisha lipeleke gari barabara kuu nusu saa kwenye RPM 2,000 au zaidi. Wanaozima injini kila taa ya chujio inapowaka ndio wanaolalamika baadaye kuwa 1.9 inakula kuliko 3.0 ya jirani.

Themostati iliyokwama wazi nayo inasahaulika. Injini ndogo ya dizeli haitoi joto jingi ikiwa tupu, na ikikaa nyuzi 65 badala ya 85 kompyuta inadhani bado inapasha moto na inaendelea kumwaga mafuta. Shika mpira wa juu wa radieta dakika tatu baada ya kuwasha injini ya baridi: ukianza kupata moto taratibu pamoja na injini, themostati haifungi.

Oili usiichezee. Turbo ndogo inazunguka mara zaidi ya laki moja kwa dakika, na oili ndiyo beringi yake. Kama kitabu kinasema kilomita 10,000 na gari linabeba mzigo kwenye vumbi, badilisha kwa 5,000.

Namna ya kuiendesha inatofautiana pia. Dizeli kubwa unaweza kuiacha ishuke hadi RPM 1,300 na ikavuta. Ndogo ukiifanyia hivyo turbo haijaamka, inatoa moshi na inatetemeka. Badili gia kwenye 2,100 hadi 2,200 ili iangukie 1,500, si chini ya hapo.

Ipi kwa nani

Bodi likiwa tupu siku nne kati ya tano, na safari nyingi ni za mjini, chukua dizeli ndogo bila wasiwasi. Petroli ndogo isiyo na turbo inafaa kwa kilomita chache kwa mwaka na mizigo ya kilo 300 au 400. Petroli ndogo yenye turbo ni nzuri kwa mtu anayetaka nguvu mara moja moja na anayekubali kulipa siku hiyo. Ukivuta tela lenye kisanduku kirefu, ukipanda milima na tani moja kila wiki, au ukikaa kwenye 120 km/h masaa, CC 2,800 hadi 3,000 za dizeli hazitakugharimu mafuta zaidi, na injini itaishi kwa raha. Kwa kilomita 20,000 kwa mwaka, ile tofauti ya lita 0.65 ya barabara kuu ni lita 130. Nozeli moja iliyokufa inaimeza akiba hiyo ya miaka kadhaa.

Na upime mwenyewe. Kompyuta ya dashibodi mara nyingi inakusifia. Jaza mpaka bomba la kituo likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze, weka tripu sifuri. Tembea matangi matatu, kila mara ukijaza kwenye pampu ile ile, gari likielekea upande ule ule. Jumlisha lita za matangi hayo matatu, bila zile za kujaza mara ya kwanza, gawa kwa kilomita, zidisha kwa 100. Tangi moja linaweza kukosea lita mbili, ambazo kwenye lita 60 ni zaidi ya asilimia 3. Kwa matangi matatu kosa ni lile la mwanzo na la mwisho tu, na kwenye lita 180 limebaki asilimia 1. Kama umebadili tairi, hakiki odometa kwanza kwa ramani ya simu kwenye kilomita 50. Kisha hesabu kwa lita kwa kilomita 100, usihesabu kwa kilomita kwa lita. Kutoka kilomita 8 kwa lita kwenda 10 unaokoa lita 2.5 kwa kila kilomita 100. Kutoka 10 kwenda 12, ambako nako ni kuongeza mbili, unaokoa 1.7 tu.